Wino wa Cornell Pettiford

Gus Ebben aliishika ile kadi yenye picha ya mchezaji kwa ncha za vidole, akaisogeza chini ya taa ya mezani, akaigeuza, akaguna. Marlys Verhagen alikuwa upande wa pili wa kabati la kioo la duka la Gus, koti bado kalifunga vifungo vyote, theluji inayeyuka kwenye viatu vyake na kulowesha sakafu. Mguno ule haukumpendeza. Alikuja na hesabu moja tu kichwani: kiti cha umeme cha kumpandisha ngazi mumewe Orville, dola elfu tatu na mia nane, fundi wa kukifunga akiwemo.

"Wino wa bluu," alisema Gus. "Na mchezaji kaisaini kwenye uzio wa mazoezi. Cheti hamna."

"Orville alikuwepo. Aliona kwa macho yake."

"Orville namwamini kama ndugu yangu. Ila soko halimjui Orville."

Halafu akamfungulia darasa. Kadi za wachezaji za msimu wao wa kwanza, alisema, zinapendwa mwaka ule ule zinapotoka, baada ya hapo watu wanasahau. Katika wachezaji mia wanaoanza, tisini na tisa hata majina yao hayakumbukwi. Zenye saini ndiyo kabisa, labda ziwe zimesainiwa mbele ya kampuni inayozitoa na kufungiwa kwenye kasha papo hapo. Hizi za kuombaomba uwanjani ni kama maziwa, zikikaa zinaharibika. Alisema yote hayo kwa upole, kama daktari anayekupasha habari mbaya, mwishoni akataja mia tatu na hamsini, na akaongeza kwamba hata hiyo anaitoa kwa sababu ya Orville.

Kadi yenyewe ilikuwa ya Cornell Pettiford, mchezaji wa kukimbia na mpira, ya mwaka 1994. Hapa mjini kwetu Kaukauna mpira ni ule wa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Ule wa miguu tunawaachia watoto wa shule. Kila Agosti Orville alikuwa akichukua likizo yake kiwandani, siku tano nzima, anakwenda kusimama kwenye uzio wa mazoezi ya timu. Wenzake wote walikuwa wakiwakimbilia mastaa. Yeye aliwaita wamsainie wale wageni, vijana wasiojulikana, ambao hata hawajui kama wiki ijayo watakuwa bado kwenye timu. Pettiford alikuwa mmoja wao. Alishtuka kuitwa kwa jina.

Na Gus alijua jambo ambalo Marlys hakulijua. Wiki iliyofuata ilikuwa ndiyo wiki ya kusomwa orodha ya watakaoingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mpira, na kila mwenye duka la kadi katika jimbo zima alikuwa amekwisha sikia jina la Pettiford. Gus hakupepesa macho. Alihesabu noti za hamsini hamsini, saba, akazisukuma juu ya kioo. Huyu ni mtu aliyefanya kazi na Orville kwenye mashine moja ya karatasi kwa miaka kumi na tisa, akala sandwichi za Marlys, na siku Orville alipoanguka na kiharusi alituma kadi ya pole yenye picha ya bata.

Marlys alizichukua. Nyumbani Orville alizitazama zile noti zikiwa mezani, akageuza uso wake ukutani. Baadaye akasema, kwa ule mdomo wake wa upande mmoja, kwamba kama Gus kasema hivyo basi ndivyo.

*

Pesa ile ilinunua godoro la kitanda cha sebuleni. Chumba chao cha kulala na bafu vilikuwa juu, ngazi kumi na nne, na tangu Novemba Orville alikuwa hajaviona. Marlys alimwogeshea jikoni. Alimkalisha kwenye kiti cha mbao, akaweka beseni, akamwosha kipande kwa kipande kama mtu anayeosha sufuria asizotaka zigongane. Bima walisema kiti cha kupandia ngazi ni anasa. Ndilo neno waliloandika.

Mkiwa wawili mnaweza kuzoea hayo. Lakini hapa kwetu mlango wa nyuma haufungwi kwa ufunguo, wala jirani hapigi hodi. Anasukuma, anaita, yumo ndani. Ndivyo walivyoingia wanawake watatu wa parokia siku moja ya Jumatano, na bakuli la tambi za kuoka na keki, wakamkuta Orville Verhagen, aliyewahi kuwa msimamizi wa zamu, uchi kama alivyozaliwa, povu kifuani, mkono mmoja umekufa mapajani. Mmoja wao nilikuwa mimi. Niliweka bakuli juu ya jiko nikatoka kinyumenyume. Orville alifumba macho, na tangu siku ile akamwomba Marlys afunge mlango kwa ufunguo. Mlango wa kwanza kufungwa katika mtaa wetu.

Basi kile kiti kikawa ndiyo kila kitu. Marlys alitaka mumewe apande ngazi zile, aingie kwenye bafu lake, afunge mlango. Hakutaka zaidi ya hapo.

Machi alirudi dukani kwa Gus na sanduku la viatu lenye kadi nyingine za Orville, apate walau mia moja. Aliikuta kadi ya Pettiford katikati ya kabati, kwenye nafasi ya heshima, imefungiwa ndani ya kasha gumu la plastiki lenye namba ya wakaguzi wa saini. Lebo ilisema saini ni halisi, alama kumi kwa kumi. Bei: dola elfu tisa na mia tano.

Aliisoma mara mbili. Wanaume watatu walikuwa wamekaa pembeni na kahawa zao, wale wa kila siku, wasio na pa kwenda tangu kiwanda kilipopunguza watu.

"Gus," alisema, "uliniambia haina thamani."

"Siku ile haikuwa nayo. Wamemchagua baada ya wiki moja, mimi ningejuaje?"

"Ulijua."

"Marlys, uliuza, nikanunua. Kuna mtu alikushika mkono?" Gus aliwatazama wale watatu, nao wakatabasamu ndani ya vikombe. "Mgekaa nayo, ningewapigia makofi."

Sasa hapa ndipo ninapopata hasira kila nikisimulia, kwa sababu Marlys alimbembeleza. Mwanamke huyu hajawahi kuomba hata chumvi. Alisema hataki elfu tisa, ampe tu bei ya kile kiti, apunguze humo mia tatu na hamsini aliyokwisha kulipa, basi, yaishe. Alieleza habari za beseni. Alieleza mbele ya wanaume watatu kwamba mumewe anaoshwa jikoni.

Gus alikuna shingo. "Mimi si ofisi ya misaada, mama. Ila kama hali ni mbaya kiasi hicho, natafuta mtu wa kufagia. Kumi na mbili kwa saa."

Mmoja wa wale watatu alipaliwa na kahawa kwa kucheka. Marlys alifunika sanduku lake la viatu.

"Naanza lini?" aliuliza.

*

Niliposikia nilimwona punguani, nikamwambia. Alinijibu kwamba kazi ni kazi.

Alifanya kazi Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nne, Gus anapofika. Gus ni mvivu wa kuamka, kwa hiyo alimpa ufunguo wa mlango, na kwa kuwa alitaka vioo vifutwe nje na ndani, akampa na ufunguo wa kabati. Sharti lilikuwa moja. Pazia la dirisha la mbele, linalotazama mashariki, lisifunguliwe kamwe.

Marlys hakuhitaji kuelezwa. Miaka ishirini na sita ameishi na mtu aliyefungia kadi zake ndani ya kabati la nguo, gizani, chini ya mablanketi. Zamani za mwanzo aliwahi kubandika moja kwenye ukuta wa jikoni, akidhani anamfurahisha, na Orville alirudi kutoka kiwandani karibu alie. Jua linakula wino, alimwambia. Na wa bluu ndio linaanza nao.

Jumanne ya kwanza ya Aprili alifagia, akafuta vioo, akafungua kabati. Akalitoa kasha, akavuta pazia juu, akaliegemeza dirishani, uso wa Cornell Pettiford ukielekea jua. Akaendelea kupiga deki. Saa nne kasorobo alilirudisha mahali pake, sentimita kwa sentimita, akashusha pazia. Gus alipofika alipitisha kidole juu ya kioo.

"Hapa umeacha alama," alisema.

Aliifuta.

Alifanya hivyo Alhamisi. Alifanya hivyo Jumamosi. Alifanya hivyo Mei nzima na Juni nzima, na hakuiba hata senti, hakukwaruza kitu, hakuvunja sheria yoyote ninayoijua mimi. Alianza kufuatilia utabiri wa hali ya hewa kuliko wakulima. Asubuhi ya mawingu ilimharibia siku. Kukiwa kweupe alitoka nyumbani akiimba, na Orville akafikiri kazi imempendeza.

Gus alimpa sababu ya kuendelea kila wiki. Alipenda kumwita mbele ya wateja amwoneshe vumbi ambalo halipo. Alipenda kuuliza, kwa sauti, "Mzee bado anaogea jikoni?" halafu kutikisa kichwa kwa huruma ili watu wamwone ana huruma. Mara moja alimpa fulana za timu zilizochakaa, tatu, akasema zitafaa kumkaushia. Marlys alishukuru. Jumamosi iliyofuata aliliacha kasha juani mpaka aliposikia gari la Gus likiegeshwa.

Kuna asubuhi moja ya Julai alisita. Aliinua kasha akaona mkia wa jina, zile herufi za mwisho, umekuwa hafifu kama doa la chai lililofuliwa. Akamkumbuka Orville akirudi siku ile ya 1994, shingo imeungua, amekaa kwenye kizingiti bila hata kuvua viatu, akimweleza jinsi kijana yule alivyoshukuru yeye, mtia saini, badala ya kushukuriwa. Mkono wa kijana ulikuwa ukitetemeka, alisema Orville, angalia hapa kwenye P. Marlys aliitazama P. Bado ilionekana. Moyo ulimuuma, na hilo aliniambia mwenyewe. Kisha akaliegemeza tena dirishani, akachukua ufagio.

Gus hakuona kitu. Kila siku kadi iko mbele yake, na kinachofifia kidogo kidogo hakionwi na anayekikodolea macho kila siku. Isitoshe duka lake lilikuwa na giza la makusudi, kwa ajili ya kuzihifadhi kadi.

*

Agosti, Pettiford akaingizwa Jumbani, akalia jukwaani, taifa zima likamwona. Bei ikapanda hadi elfu kumi na nne. Daktari mmoja wa meno kutoka Appleton, Stellan Haugerud, alipiga simu akasema anaitaka. Wakakubaliana ataichukua mkononi kwenye maonyesho ya kadi ya Oktoba, ukumbini kwetu parokiani. Gus alitangaza habari hizo kwa kila aliyeingia. Alisema atabadilisha gari. Alimwambia Marlys ajitahidi basi na vioo, wateja wakubwa wanakuja.

Wiki ya tatu ya Septemba daktari aliomba picha mpya. Gus akaitoa kadi, akaiweka chini ya taa kali ya kupigia picha. Marlys alikuwa amechelewa kuondoka makusudi siku ile, anakamua tambara la deki.

Gus alikaa. Akaivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Marlys, hebu njoo. Hii unaionaje? Au ni macho yangu?"

Akainama juu ya taa. Jina lilikuwa limebaki rangi ya zambarau iliyokufa, na nusu yake ya kulia haikuwepo.

"Wino huzeeka, Gus," alisema. "Wewe mwenyewe uliniambia."

Gus alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alipoweka kitu, kisha akarudisha macho kwenye kadi. Hakumshuku. Kwake yeye Marlys alikuwa ni ufagio unaotembea. Aliilaumu plastiki, akawalaumu wakaguzi, akalaumu joto la kiangazi.

Jumamosi Marlys alimwaga pipa la taka la nyuma. Chini ya magamba ya mayai ya kuchemsha alikuta vipande vya plastiki ngumu vilivyovunjwa kwa nyundo, kalamu tatu za wino wa bluu, na karatasi moja iliyokunjwa. Aliikunjua. Cornell Pettiford, iliandikwa, Cornell Pettiford, Cornell Pettiford, kuanzia juu hadi chini, yale ya mwanzo yamekwama kama ya mtoto, ya mwisho yanateleza vizuri.

Hapo alihitaji kukaa. Hakuwa amepanga hili. Alitaka tu ile kadi ife, Gus aikose ile pesa kama wao walivyoikosa. Lakini kila mtu wa kadi analijua kosa hili, hata mke wa mtu wa kadi analijua. Saini ikififia unaiacha ilivyo, unauza kwa hasara, unabaki na jina lako. Ukishaipitisha kalamu juu, hata kama chini kuna saini ya kweli, wewe ni mfoji, na hakuna atakayenunua kwako tena hata kadi ya dola moja. Gus alikuwa akiwafundisha vijana jambo hilo kila Jumamosi. Tamaa ya elfu kumi na nne ilimfanya asahau somo lake mwenyewe.

Marlys aliinyoosha ile karatasi kwenye goti, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa aproni.

*

Maonyesho yalijaa. Meza arobaini na mbili ukumbini, na nyuma, kwenye dirisha la jikoni, sisi wanawake wa parokia na sufuria ile kubwa ya booyah, kuku na mkia wa ng'ombe na mboga zilizochemka tangu alfajiri. Marlys alishika upawa. Kutoka pale aliiona meza ya Gus vizuri, na alikuwa ameomba yeye mwenyewe asimame pale.

Gus alivaa tai. Alimpa Haugerud kadi ikiwa kwenye kifuko chepesi, akamweleza kwamba kasha lilimponyoka likapasuka, lakini namba hii hapa, lebo hii hapa. Daktari alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye mikono safi mno. Alifurahi. Alikwisha toa bahasha. Halafu, kwa kuwa meza ya wakaguzi ilikuwa hatua kumi tu kutoka pale, akasema afadhali aifungishe kasha jipya kabisa kabla hajaenda nayo barabarani.

Gus akasema hakuna haja. Akalisema mara mbili.

Mkaguzi alikuwa bibi mmoja, Ardis Tollefson, nywele nyeupe, miwani ya kukuza imefungwa kichwani. Aliingiza namba kwenye kompyuta, picha ya Februari ikatokea, akaitazama picha, akaitazama kadi. Aliinamia kadi kwa muda mrefu hadi watu wa meza za jirani wakanyamaza.

"Kalamu imepita hapa mara mbili," alisema. "Ya pili si ya siku nyingi."

"Labda Cornell mwenyewe aliipitia," alisema Gus. "Ilipita mikono mingi kabla ya kunifikia mimi. Verhagen ndiye aliyeniuzia."

Sikiliza basi. Katika vitu vyote angeweza kusema, akachagua kumtupia Orville. Nilimwona Marlys akiweka upawa chini. Watu walikuwa wakitazamana, na nisiwafiche, wengi, ambao hawakuiona ile picha ya Februari, walikuwa tayari kumwamini Gus. Alikuwa na duka miaka kumi na minane. Alidhamini timu ya watoto. Orville alikuwa mtu mgonjwa asiyetoka nje.

Marlys alipita katikati ya meza na aproni yake ya supu. Akaitoa karatasi, akaikunjua, akaiweka mbele ya Ardis Tollefson.

"Nimeitoa kwenye pipa lake la taka," alisema. "Mimi ndiye mfagiaji wake."

 Bibi Tollefson alisoma mstari wa kwanza, akashuka hadi wa mwisho, akamkabidhi daktari. Daktari akairudisha bahasha yake ndani ya koti. Gus alikuwa mwekundu, kisha akawa mweupe. Alimtazama Marlys, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kumtazama tangu Aprili.

"Umenimaliza," alisema.

"Bado," alijibu Marlys, akarudi kwenye sufuria yake.

Nilikuwa naye pale dirishani. Alikuwa anafurahi, na wala sitamsingizia majuto ambayo hakuwa nayo. Alipakua kwa haraka ya furaha hadi akamwagia padri supu kwenye kidole gumba. Alisema ametembea miezi saba na jiwe kifuani na sasa limetoka. Nami nilifurahi, nikamwongezea chumvi kwenye bakuli lake nikamwambia ale.

Na kweli ilikuwa bado. Kabla ya saa tisa alasiri waliomwachia Gus kadi zao auze walikuwa wamepanga foleni mezani kwake kuzidai. Jumatatu walikuja dukani. Wale watatu wa kahawa wakahamia mgahawani. Timu ya watoto ikatafuta mdhamini mwingine. Siku nne kabla ya Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, Gus alibandika karatasi mlangoni, akamwita Marlys aje kufanya usafi wa mwisho ili amkabidhi mwenye nyumba.

Alimlipa ujira wake juu ya kabati tupu. Kisha akaivuta droo, akaitoa kadi ya Pettiford, akaitupa juu ya zile noti.

"Chukua na hii," alisema. "Sasa ndiyo imekuwa bei yako."

Marlys alichukua vyote viwili. Alirudi nyumbani kwa miguu, karibu maili moja, kwenye baridi, na hakuisikia.

*

Orville alikuwa ameegemea mito, televisheni imezimwa. Marlys hakuvua koti. Alivuta kiti, akaweka kadi juu ya blanketi, akaanza kumsimulia.

Hakuwa amemwambia kitu mwaka mzima. Aliogopa kumuumiza, na baadaye aliona utamu wa kumletea yote kwa mara moja, yameiva. Alimwambia kuhusu elfu tisa na mia tano, na elfu kumi na nne. Alimwambia walivyocheka. Alimwambia kuhusu pazia, na Jumanne na Alhamisi na Jumamosi, na jinsi Gus alivyofuta miwani, na magamba ya mayai, na karatasi, na tai ya Gus, na foleni ya watu. Alikuwa akicheka katikati ya maneno. Alimwigiza bibi Tollefson. Nusu ya uso wa Orville ilikuwa haiwezi kuonesha kitu, na ile nyingine ilitulia tu, ikimsikiliza. Mkono wake ulio mzima ulikuwa juu ya kadi.

Alipomaliza, Orville aliitazama kadi. Siku hizi maneno yalimchukua muda, lazima umngojee.

"Ufunguo wa kabati," alisema. "Ulikuwa nao?"

"Nilikuwa nao."

"Tangu lini?"

"Aprili." Bado alikuwa anatabasamu. "Jumanne ya kwanza."

"Na dukani. Uko peke yako."

"Peke yangu. Saa tatu nzima."

"Unaitoa. Unaishika."

"Kila siku ya jua, Orville. Hata moja sikuikosa."

Aliinua kadi, akaigeuza kwa vidole vitatu, akaishusha.

"Kwa nini hukuileta nyumbani?"

Tabasamu lilikaa usoni pake kidogo, kama mgeni asiyejua kama aondoke. Kweli lilikuwa swali jepesi. Miezi sita kadi ilikuwa mikononi mwake, na kule Milwaukee kuna maduka ishirini yasiyouliza jina lako, na hata kwa nusu ya bei kiti kile kingekuwa kimefungwa ukutani tangu masika. Wazo hilo halikuwahi kumjia. Alilitafuta kichwani, ajue alilikataa lini, na hakuona siku hiyo.

"Mimi si mwizi," alisema.

Orville aliangalia mlango wa jikoni, kisha zile ngazi. 

"Afadhali ungeiba," alisema.

Marlys alingoja aendelee, lakini alikuwa amemaliza. Alibaki amekaa na koti lake. Alitaka kumwambia kwamba Gus amefunga duka, kwamba amekwisha kabisa, lakini hilo alikuwa amekwisha mwambia.